Homa Isiyo Malaria: Arosto ya Vidonge vya Maumivu na Dawa Zinazoituliza

Shangazi yangu aliteleza msalani, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudi nyumbani Mji wa Kale, Mombasa, na mfuko wa karatasi uliojaa dawa. Mojawapo ilikuwa tramadoli, kapsuli za miligramu 50. Nyonga ilipona mwezi wa tatu, lakini kapsuli ziliendelea, kwa sababu kila alipochelewa kumeza maungo yalimkaza, na yeye akaamini ni chuma kinachomsumbua. Mwanawe alikuwa akimnunulia kwenye duka la dawa ambako mteja akishazoeleka haulizwi cheti cha daktari. Mwezi wa tano huyo huyo mwanawe akasoma habari za tramadoli kwenye simu, akaingiwa na hofu, akazimwaga zote chooni.

Kesho yake jioni shangazi alianza kupiga miayo. Miayo isiyokwisha, ya mtu ambaye hajaonja usingizi wiki nzima. Kisha makamasi na machozi, jasho la baridi, vinyweleo vikamsimama mikono mizima. Usiku akaharisha mara saba, na miguu ikawa haitulii: aitupe huku, aikunje kule, hakuna mkao. Kufikia asubuhi majirani walishatoa hukumu. Siku hizi Mombasa ukisema mifupa inakuuma, hujamaliza sentensi ushaambiwa ni chikungunya. Akapelekwa zahanati, akatobolewa kidole, malaria haipo. Akapewa vidonge vya maumivu ambavyo ndani yake mlikuwa na kodeini. Akameza viwili. Baada ya saa moja akaketi kitandani, akaomba chai.

Alhamdulillahi, watu wakasema, dawa imeshika.

Ilishika kweli, ila haikushika homa, kwa kuwa homa haikuwepo. Alichokuwa nacho shangazi ni arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa ulioizoea, na nilipolitamka neno hilo sebuleni kila mtu alitazama mkeka. Arosto ni neno la maskani. Ni la vijana waliokonda wanaosinzia wima vichochoroni mchana kweupe. Bi mkubwa wa buibui na tasbihi hana neno lake la hali hiyo, kwa hiyo huiita homa, uchovu, presha, jini, chochote. "Mwanangu," akaniuliza, "mimi ndiyo nimekuwa teja?"

Hapana. Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Uraibu ni pale mtu anapoifukuzia dawa ingawa inamharibia kazi, ndoa na mwili, na hawezi kujizuia. Utegemezi wa mwili ni jambo jingine: viungo vimeizoea dawa hivi kwamba vikiikosa vinalia. Hili la pili humpata karibu kila anayetumia dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa, awe imamu au mwizi. Shangazi alikuwa na la pili. Lakini mateso ya siku ya kukosa yanafanana kwa wote, na yanatulizwa kwa dawa zile zile. Ndiyo sababu nasema maarifa ya kumsaidia yalikuwepo mji huu huu, mikononi mwa watu ambao tukipishana nao tunavuka barabara.

Kasumba

Neno letu la zamani la utomvu wa mpopi ni kasumba, au afyuni. Leo tunalitumia zaidi kwa fikra zilizomganda mtu kichwani, na nadhani aliyelihamishia huko hakukosea sana. Kwenye utomvu huo ndiko ilikotolewa mofini, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, kisha kodeini, ambayo Mfaransa Pierre Robiquet aliitenga mwaka 1832. Heroini ni mofini iliyofanyiwa kazi kidogo maabara. Ikiingia mwilini hugeuka mofini tena. Kodeini nayo, ini hubadilisha sehemu yake kuwa mofini. Tramadoli haitoki kwenye mpopi: ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal mwaka 1962, ikaanza kuuzwa huko mwaka 1977, lakini ini likishaifanyia kazi, kinachotoka hukaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo, yaani vile viti ambavyo dawa hizi hukalia ili zifanye kazi. Jamii nzima ya dawa hizi huitwa opioidi. Mwili haujui kama kilichoingia kilinunuliwa kwa risiti au kichochoroni. Unajua tu kimekuja, na siku kisipokuja unajua pia.

Ukitaka kuelewa kinachotokea siku hiyo, kasimame kwenye kivuko cha feri cha Likoni asubuhi ya siku ya kazi. Upande wa kusini watu wamejaa bandani, lango limefungwa, askari amesimama mbele. Nyuma wengine wanazidi kumiminika, kwa sababu matatu hazisubiri lango. Opioidi ndiyo huyo askari. Anachokizuia ni noradrenalini, kemikali ambayo ubongo huitumia kumweka mtu macho, kupandisha mapigo ya moyo na kumtoa jasho. Ubongo ukiona umezuiwa mwezi baada ya mwezi, hujibu kwa kuwajaza watu zaidi bandani ili angalau wachache wapenye. Ndiyo maana kipimo kile kile huacha kutosha. Sasa muondoe askari ghafla. Wote wanateremka kwa mbio: moyo unadunda, mboni za macho zinatanuka, jasho linatiririka. Utumbo, ambao dawa ilikuwa imeulaza (na ndiyo sababu ya ile kufunga choo kwa watumiaji wa muda mrefu), unaamka kwa hasira.

Kuna kosa ninalolisikia kila baraza: ati arosto ni sumu inayotoka, kwa hiyo tuisaidie itoke. Mtu anywe haluli, afukizwe, apigwe chuku, auziwe chupa ya kusafisha damu. Tramadoli ya kawaida hupungua nusu mwilini kila baada ya saa sita hivi. Siku mbili zikipita imebaki kidogo mno. Mateso huanza kwa sababu dawa imeshatoka. Huwezi kulitapika pengo. Na haluli kwa mtu ambaye tayari anaharisha mara saba usiku ni ukatili, hata akipewa kwa nia njema.

Kwa dawa zinazokaa muda mfupi, kama kodeini, mofini na tramadoli ya kawaida, dalili huanza saa 8 hadi 24 baada ya kipimo cha mwisho. Hupamba moto kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea, na makali yake huisha ndani ya siku tano hadi kumi. Usingizi na moyo mzito hubaki nyuma, wakati mwingine kwa miezi. Tramadoli ina lake la ziada. Mbali na kazi ya opioidi, hugusa pia serotonini, kemikali ya hali ya moyo, kwa namna inayofanana na dawa za sonona. Kwa hiyo baadhi ya wanaoiacha ghafla hupata mambo ambayo muuguzi aliyezoea heroini hayatarajii: hofu ya ghafla, mipigo kama ya umeme kichwani, hata kuona visivyokuwepo. Shangazi aliniambia usiku wa pili alimsikia marehemu mumewe akikohoa ukumbini. Tulidhani ni majonzi.

Bandu bandu

Dawa iliyo bora zaidi ya arosto ya vidonge ni vidonge vyenyewe, vikipunguzwa polepole. Bandu bandu huisha gogo. Jambo hili halimfurahishi mtu aliyekwisha kuapa kwamba hatagusa tena, na familia huliona kama kumbembeleza shetani, lakini kwa mtu aliyekuwa akitumia kwa maagizo ya daktari ndiyo njia ya kwanza. Mwezi Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi dhidi ya kuwakatia watu opioidi ghafla, baada ya kupokea ripoti za arosto kali, maumivu yasiyozuilika na watu kutaka kujiua. Mwongozo wa nchi hiyo wa mwaka 2022 unapendekeza aliyetumia kwa mwaka mmoja au zaidi apunguze sehemu moja ya kumi kwa mwezi, au polepole zaidi ya hapo; aliyetumia kwa wiki au miezi michache aweza kupunguza sehemu moja ya kumi kila wiki.

Kwenye karatasi ni hesabu rahisi, mezani si rahisi hivyo, kwa sababu kapsuli haikatiki. Shangazi alikuwa akimeza sita kwa siku, miligramu 300. Daktari aliyemwona baadaye alimrudisha kwenye sita, nasi tukashangaa, kisha akamwondolea moja kila wiki mbili. Sita kwenda tano ni kama sehemu moja ya sita, na mwili unavumilia. Lakini mbili kwenda moja ni nusu nzima! Kwa hiyo hatua za mwisho ndizo ngumu, na ndizo zinazopaswa kurefushwa. Shangazi alipofika kwenye mbili alikwama wiki tano, akajiona ameshindwa. Hakuwa ameshindwa; kukwama ni sehemu ya safari hiyo, mradi mtu asirudi juu. Tahadhari moja: kuna tramadoli inayotengenezwa itoke taratibu kwa saa 12 au 24. Hiyo haivunjwi wala haisagwi, kwa maana ukiivunja unameza dawa ya siku nzima kwa mkupuo, na tramadoli nyingi huleta kifafa.

Kwa wengine kupunguza hakufai. Kipimo kimekuwa kikubwa mno, au mtu hawezi kukaa na pakiti nyumbani bila kuimaliza. Hapo ndipo panapoingia methadoni na buprenofini, ambazo nazo ni opioidi, na ndipo watu wanaponiuliza faida gani kuondoa dawa kwa dawa. Sisi wenyewe tunasema dawa ya moto ni moto.

Pwani iliona arosto ya halaiki mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, heroini ilipoadimika ghafla baada ya misako. Walioikosa walishikwa kwa wakati mmoja, na wengi waliziba pengo kwa chochote kilichopatikana. Miaka michache baadaye ndipo methadoni ilipofika kwenye hospitali za umma: Malindi ilianza mwaka 2015, na leo Mombasa ina kliniki yake Kisauni. Zilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, hasa wanaojidunga, kwa sababu ya hatari ya virusi vya Ukimwi kwenye sindano za kuchangia. Dawa hutolewa bure. Ni maji, hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, na mtu huzungumzishwa kidogo baada ya kumeza ili ijulikane imeshuka.

Methadoni ni opioidi kamili, ila ni askari wa zamu ndefu. Nusu yake hukaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo mara moja kwa siku yatosha, na mtu hapandi wala hashuki. Urefu huo huo ndio hatari yake. Kipimo cha leo hujilundika juu ya cha jana, na wiki mbili za kwanza ndizo zinazoua wasiokuwa na subira, wale wanaoongeza kitu kingine kwa kuwa hawajasikia kitu. Huweza pia kuvuruga mdundo wa moyo. Kwa sababu hizo methadoni haiazimwi jirani kabisa, hata kijiko kimoja, hata akilia. Aliyezoea hunywa akaenda kazini. Asiyezoea, kipimo hicho hicho humzima pumzi usingizini.

Buprenofini ni ya namna nyingine, na kwa mtu wa vidonge mara nyingi ndiyo inayofaa zaidi, ingawa si kila kliniki inayo. Huwekwa chini ya ulimi iyeyuke. Hung'ang'ania kipokezi kwa nguvu kuliko karibu opioidi zote, lakini hukiwasha nusu tu. Faida yake ni kwamba ina dari: ukiongeza dozi, pumzi haizidi kuzama kwa kiwango kile cha mofini. Mtego wake uko kwenye saa ya kuanza. Ukiiweka ulimini wakati tramadoli au heroini bado imekaa, inaisukuma yote nje kwa mpigo na kuacha nusu nguvu mahali pake, na mtu anaangukia arosto kali ndani ya saa moja, mbaya kuliko ile aliyokuwa akiikimbia. Kwa hiyo husubiriwa, kwa kawaida saa 12 hadi 24 kwa dawa za muda mfupi, hadi dalili ziwe wazi. Wahudumu hawabahatishi, wana karatasi ya dalili 11, kuanzia mapigo ya moyo na mboni za macho hadi miayo na vinyweleo, kila moja na alama zake, na jumla ndiyo inayosema anza au ngoja.

Tafiti kubwa zimeonyesha kwamba watu walio kwenye dawa hizi mbili hufa kwa takriban nusu ya kiwango cha wasio nazo. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anayesema ni kubadilisha teja wa unga kuwa teja wa kikombe aangalie makaburi kwanza.

Vidonge vya presha, tangawizi na mengineyo

Klonidini ni dawa ya presha. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba huituliza arosto, kwa sababu inafanya kazi ile ile ya kupunguza noradrenalini ila kupitia mlango mwingine, bila kugusa kipokezi cha opioidi. Jasho hupungua, moyo hutulia, vinyweleo hulala, machozi hukauka. Mifupa na usingizi haivigusi sana, wala haiondoi ile hamu. Na kwa kuwa ni dawa ya presha, hushusha presha: mtu aliyeharisha usiku kucha, maji yamemwisha, akimeza klonidini kisha akasimama haraka, huanguka msalani. Hupimwa presha kabla ya kila dozi. Si dawa ya kuomba kwa jirani mwenye presha kwa sababu mmeisoma mahali. Ndugu yake, lofeksidini, ilianza kutumika Uingereza miaka ya 1990, na mwaka 2018 ikawa dawa ya kwanza isiyo opioidi kuidhinishwa Marekani kwa arosto hasa.

Zilizobaki ni za kufuta kilichomwagika, kila moja na doa lake. Kwa kuharisha kuna loperamidi, na hapa pana kichekesho, kwa sababu loperamidi yenyewe ni opioidi. Kwa kipimo cha kawaida haipenyi kwenye ubongo, huishia tumboni. Wapo waliogundua hilo, wakameza makumi ya vidonge ili ipenye, na mioyo yao ikavurugika mdundo. Fuata pakiti. Kwa msokoto wa tumbo hutumika hyosini. Kwa mifupa ni parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku, au ibuprofeni baada ya chakula. Ila mzee anayemeza dawa za presha na kuharisha kwa wakati mmoja, ibuprofeni humkausha figo, kwa hiyo kwake parasetamoli ni salama zaidi. Kwa kichefuchefu kuna metoklopramidi, ambayo wengine huwaongezea ule uhangaikaji wa miguu. Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi, ambavyo kila nyumba inavyo, vina kasoro hiyo hiyo. Mtu anavimeza ili alale, miguu inazidi kucheza, naye analaumu arosto.

Tangawizi? Ndiyo. Hutuliza kichefuchefu kiasi fulani, na hilo limechunguzwa. Madafu ni mazuri na yana potasiamu ya kutosha, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo hayatoshi peke yake kwa anayeharisha sana. Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, zinashinda, na zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mtu anywe kidogo kidogo kutwa. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuweka kando ya kitanda, ni hiki. Arosto ya opioidi kwa mtu mzima mwenye afya huwa haiui kwa yenyewe. Upungufu wa maji ndio unaomwondoa mzee. Maji ya moto ya kuoga, au kitambaa cha moto magotini, hupunguza maumivu ya mifupa kuliko watu wanavyodhani. Uji mwepesi. Chumba chenye giza na feni.

Habasoda ina tafiti ndogo zilizofanywa kwa watumiaji wa opioidi. Ni chache mno kuitegemea, ila kijiko chake hakimdhuru mtu. Hijama haijibu tatizo hili, kwa sababu niliyoitaja ya pengo na sumu, na kumtoa damu mtu aliyepungukiwa maji si busara. Kombe (maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa) na kisomo sitavisemea kama dawa ya utumbo. Nimeona vinavyomtuliza mtu anayeogopa, na hofu ni sehemu ya ugonjwa huu. Aandikiwe, na ORS iwe pembeni.

Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ndiyo nisiyoielewa. Kijana anahangaika na arosto, anatafuna muguka ili "ajikaze". Kilichomo humo huongeza ile ile noradrenalini inayomiminika. Ni kufungua lango la pili.

Sasa lile linaloua kwelikweli. Usiku wa pili bila usingizi, mtu anakumbuka kwamba kabatini mna vidonge vya diazepamu vya mama, vile vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Peke yake, kwa siku chache, chini ya macho ya daktari, diazepamu hutumika. Pamoja na opioidi, huzima pumzi. Na huyu mtu, siku ya tatu akishindwa, atarudi kwenye opioidi huku diazepamu bado imo mwilini, kwa kuwa hukaa siku kadhaa. Pombe hufanya vivyo hivyo, na pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, pia. Anayetumia tramadoli pamoja na dawa za sonona naye amwambie daktari, kwa sababu zinaweza kugombana.

Kuna na jambo la kurudi. Siku kumi bila dawa, wale watu wa ziada bandani wote wameshaondoka, mwili umesahau. Kipimo kilichokuwa cha kawaida mwezi uliopita sasa chaweza kuua. Vifo vingi hutokea baada ya mtu kutoka jela, kituo cha kurekebisha tabia au hospitali, akiwa "safi". Ndiyo sababu naltreksoni, inayofunga vipokezi kabisa, hupewa baadhi ya watu baada ya siku saba hadi kumi za kuwa bila opioidi. Aliyezidiwa akazimia, midomo ikawa ya buluu na pumzi za kukoroma, hudungwa naloksoni, ambayo humwamsha kwa dakika chache. Lakini huisha nguvu baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, wakati opioidi bado imo, kwa hiyo anapelekwa hospitali hata akiamka na kutukana.

Mjamzito haachi ghafla. Arosto yaweza kumletea uchungu kabla ya wakati na kumsumbua mtoto tumboni. Methadoni au buprenofini ndizo njia yake, na aende kliniki kabla hajapunguza hata kidonge kimoja. Wengine wakimbizwe hospitali wakichanganyikiwa, wakipata degedege, maumivu ya kifua, wakishindwa kubakiza hata maji tumboni, au wakianza kusema kwamba afadhali wafe. Kwa anayetaka kuzungumza bila kuonekana, simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bila malipo.

Nyumba ya pili kutoka kwa shangazi anakaa kijana ambaye kila asubuhi huvuka daraja la Nyali kwenda Kisauni kunywa kikombe chake. Miaka mingi shangazi alifunga mlango alipomwona. Wiki alizokwama kwenye kapsuli mbili, nilimkuta ameketi barazani na kijana yule amesimama kwa adabu chini ya ngazi, wamepishana kahawa. Alikuwa akimuuliza maswali ambayo daktari hakuwa na muda nayo.

"Na miguu hii, itatulia lini?"

"Miguu ni wiki hivi, Bi, ukishamaliza kabisa. Ujifunge kanga kwa kukaza magotini, inasaidia. Usingizi ndio unaochelewa. Mie ulinichukua miezi miwili."

Shangazi akahesabu kwa vidole, akafika mwisho wa mkono mmoja, akaanza wa pili. Kisha akamwambia aketi, kahawa inapoa.